Ala mbovu ni hatari kuliko kisu kilicho wazi

Leo tunaacha kidogo habari za mbolea na chanjo za kuku, tuzungumzie ala ya kisu: ule mfuko mgumu wa ngozi ambao kisu, sime au panga hukaa ndani yake.

Hesabu visu na mapanga yaliyoko nyumbani kwako. Kuna panga la shamba, kisu cha jikoni, kisu cha kuchinjia kuku, pengine na sime ya babu. Sasa hesabu ni vingapi vina ala. Katika kaya nyingi jibu ni kimoja, au hakuna hata kimoja. Panga limechomekwa darini, limelazwa uvunguni mwa kitanda, au limezungushiwa gunia. Asubuhi utamwona abiria wa bodaboda amelipakata likiwa limefungwa kwa kanga kuukuu, na barabara yenyewe ni ya mashimo. Tumeyazoea haya mpaka hatuyaoni tena.

Upande wa pili tuna ngozi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ukiacha mbuzi na kondoo, na bado kwenye machinjio mengi ya vijijini ngozi huuzwa kwa bei ya kutupa, au hutupwa kweli. Kwa hiyo vijana wengi huuliza: "Bwana shamba, biashara ya ngozi naianzaje?" Wengi wana viatu kichwani, wengine mikoba.

Jibu langu ni hili: anza na ala ya kisu. Lakini lina sehemu ya pili ambayo watu hawapendi kuisikia. Kama huna subira ya kuitengeneza ala vizuri, usiitengeneze kabisa. Mwenye kisu kilicho wazi anajua kiko wazi, naye anajihadhari. Mwenye ala mbovu ameshaacha kujihadhari. Amekivaa kiunoni, anainama, anapanda mti, anapanda pikipiki, akiamini amekingwa. Siku mshono ukiachia, kisu kitamkuta hajajiandaa.

Kwa nini ala, si viatu

Viatu vina saizi nyingi, kushoto na kulia, soli na kalibu. Ukikosea kidogo, mteja anachubuka mguu na anakurudishia. Mkoba unahitaji zipu, bitana na ngozi kubwa. Ala inahitaji kipande kidogo cha ngozi, uzi na siku moja ya kazi. Ukiiharibu, umepoteza kipande, hujapoteza ngozi nzima.

Pia ala inakufundisha karibu kila kitu ambacho fundi wa ngozi anapaswa kujua: kuchagua ngozi, kuchora kielelezo, kukata, kutoboa kwa nafasi sawa, kushona kwa mkono, kulainisha kingo na kufinyanga ngozi kwa maji. Aliyeshona ala 20 nzuri akihamia kwenye mikanda au mikoba hatakuwa mgeni.

Na soko huhitaji kulifuata mjini. Jirani yako ana panga. Mgema ana kisu. Mchungaji ana sime. Wamaasai wamevaa sime kwenye ala za ngozi nyekundu vizazi na vizazi, na hakuna aliyewafundisha umuhimu wake kwenye semina. Sisi wakulima ndio tuliobaki na magunia.

Ngozi: hapa ndipo wengi wanapoharibu

Kosa la kwanza la anayeanza ni kutaka kusindika ngozi mwenyewe. Anapata ngozi ya ng'ombe bure, anatafuta chokaa, majivu na magome, na baada ya wiki kadhaa ana kitu kinachonuka ambacho jirani wanalalamikia. Kusindika ngozi ni ufundi unaojitegemea. Unataka vipimo, maji mengi na mahali pa kumwaga maji machafu bila kuharibu kisima. Anza kwa kununua kipande kilichokwisha kusindikwa. Usindikaji utaufuata baadaye ukiupenda.

Ngozi mbichi iliyokaushwa tu, bila kusindikwa, nayo isikudanganye. Ikikauka huwa ngumu kama ubao na hupendeza. Ikinyeshewa hulegea, huvimba na kunuka, kisha panya na mbwa huila.

Ngozi iliyosindikwa ni ya aina kuu mbili. Moja husindikwa kwa dawa ya kromu. Nyingine husindikwa kwa magome na mimea, kama magome ya miwati inayopandwa Njombe. Ngozi ya kromu ni laini, na sehemu kubwa ya ngozi ya juu ya viatu ni hiyo. Kwa ala haifai sana: inalegea, haishiki umbo la kisu, na chumvi zinazobaki ndani yake zinaweza kuharakisha kutu kwenye chuma. Ngozi ya magome ni ngumu, na ukiilowesha unaweza kuifinyanga ikakauka na umbo uliloipa. Hiyo ndiyo ngozi ya ala.

Utaitambuaje? Ikate ukingoni, utazame katikati ya unene wake. Ngozi ya kromu ambayo rangi haikuzama mpaka ndani huonyesha kijivu au samawati. Ya magome ni kahawia mpaka ndani. Kisha idondoshee tone la maji upande wa juu. Ngozi ya magome isiyopakwa rangi nzito hulinywa tone polepole na kuacha doa jeusijeusi. Ngozi nyingi za kromu zilizopakwa rangi huliacha tone juu kama jani la mgomba. Fanya majaribio yote mawili, maana moja peke yake linaweza kukudanganya.

Unene uwe kati ya milimita 2.5 na 3.5. Kwa kisu kidogo unaweza kushuka mpaka 2. Chini ya hapo unashona mfuko wa sarafu, si ala. Vipande utavipata kwa mafundi wa mikanda, mikoba na ndala za ngozi mjini. Vile wanavyoviita mabaki vinakutosha wewe.

Na sasa onyo ambalo silitanii. Usichune ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe, hata kama anaonekana amenona. Kimeta huua ng'ombe ghafla, na vijidudu vyake hukaa kwenye ngozi na kwenye udongo miaka mingi. Watu hukipata kwa kugusa ngozi kama hizo. Mnyama akifa ghafla mwite afisa mifugo, usimpasue. Ngozi ya wanyamapori nayo usiiguse bila kibali, hata ukiambiwa ni kipande tu.

Vifaa usivyoweza kuvikwepa

Huhitaji mashine. Unahitaji kisu kikali cha kukatia, rula ya chuma, kalamu, kadibodi ya boksi, msharasi wa kutobolea, nyundo, sindano mbili nene zenye ncha butu, uzi mnene wa nailoni wa fundi viatu, gundi ya viatu, msasa na kipande cha nta ya nyuki. Uma wa kulia chakula wenye meno yaliyo sawa utakusaidia kuweka alama za matundu kwa nafasi zinazolingana.

Gundi itumie nje au penye hewa, mbali na moto na mbali na watoto. Nayo ni ya kushikilia tu wakati unashona. Ala iliyobandikwa kwa gundi bila uzi ni mtego.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. *Chora kielelezo.* Laza kisu kwenye kadibodi, chora umbo lake, kisha kigeuze juu ya mgongo wake, yaani upande usio na makali, uchore tena. Una nusu mbili zinazokutana mgongoni, na hapo ndipo ngozi itakunjwa. Upande wa makali ongeza sentimita 1.5 kwa kisu cha kawaida, na 2 kwa panga. Kata kadibodi, ikunje, ingiza kisu. Kama kinabana kwenye kadibodi, kwenye ngozi hakitaingia kabisa. Rekebisha sasa, kadibodi ni ya bure.

Muulize mteja anatumia mkono gani. Wa mkono wa kushoto anahitaji kielelezo kilichogeuzwa.

2. *Kata ngozi.* Panga kielelezo kwenye sehemu isiyo na makovu wala matundu ya kupe. Ngozi ya mgongoni ni imara, ya tumboni inavutika. Kata polepole kwa kupitisha kisu mara kadhaa, mkono mwingine ukiwa nyuma ya makali, usiwe mbele yake.

3. *Shona kitanzi cha mkanda kwanza.* Ukishafunga ala, sindano haitaingia tena ndani. Anayeanza husahau hili, kisha anapigilia misumari ya viatu. Msumari ndani ya ala hukwaruza kisu na hulegea.

4. *Weka ukanda wa kati.* Hii ndiyo hatua ninayoomba uikariri. Kata ukanda wa ngozi wenye upana wa karibu sentimita 1, ufuate umbo la makali kuanzia mdomo wa ala hadi ncha. Ukanda huu unakaa katikati ya nusu mbili za ala, pale unapopita mshono. Kazi yake ni moja: makali yakishuka, yakutane na ngozi, yasikutane na uzi. Ala isiyo na ukanda wa kati inakatwa uzi na kisu chake chenyewe, kidogo kidogo, kila kinapoingia na kutoka. Kwa nje huoni kitu. Bandu bandu huisha gogo.

Ukitaka kujua kama fundi anajua kazi, usitazame nakshi. Tazama ukingo wa ala uhesabu tabaka. Zikiwa tatu, mnunulie. Zikiwa mbili, mrudishie.

5. *Bandika na kutoboa.* Paka gundi kwenye ukanda na kingo, subiri ikaukekauke, bana, gonga taratibu. Chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni. Weka alama kila milimita 5. Toboa msharasi ukiwa wima kabisa, ili matundu ya upande wa pili nayo yatoke kwenye mstari. Weka kipande cha ubao chini, usitobolee juu ya paja.

6. *Shona kwa sindano mbili.* Chukua uzi mrefu wa kutosha mshono wote, upitishe kwenye nta, funga sindano kila mwisho. Kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto. Vuta kwa nguvu sawa. Faida yake ni kwamba uzi wa upande mmoja ukikatika, ule wa upande wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani haukupi hilo: ukikatika mahali pamoja unaweza kufumuka. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata, yeyusha ncha za nailoni kwa moto mdogo.

Mdomoni shona mara mbili. Hapo ndipo kisu kinapogonga kila kinapoingia.

7. *Acha tundu dogo nchani.* Maji yakiingia yawe na pa kutokea. Liwe dogo, ncha ya kisu isichungulie.

8. *Finyanga.* Lowesha ala kwenye maji safi ya uvuguvugu dakika chache mpaka ilainike. Usitumie maji ya moto, ngozi itajikunyata na kuwa kama mkaa. Zungushia kisu mfuko wa nailoni, kiingize, bonyeza ngozi kwa vidole ifuate umbo lake, hasa pale mpini unapoanza. Kisha kitoe na uache ala ikauke kivulini siku moja au mbili. Ukiiweka juani au karibu na jiko itapasuka.

9. *Malizia kingo.* Piga msasa, lowesha kidogo, sugua kwa kitambaa kigumu au kijiti laini mpaka ing'ae, kisha paka nta. Nta iyeyushe ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, inashika. Mafuta usiyamwage. Ngozi iliyoloweshwa mafuta hulegea kama kitambaa, na mafuta ya kupikia yakikaa hunuka.

Ijaribu kabla hujaiuza

Ala isitoke mikononi mwako bila majaribio haya manne.

Kwanza, weka gunia chini, simama mbali kidogo, geuza ala juu chini na uitikise kwa nguvu. Kisu kisidondoke. Kama kinadondoka, finyanga tena au ongeza kamba ya kufungia mpini. Pili, ingiza na kutoa kisu mara 20. Ukiona unga wa ngozi kwenye makali, ala inakatwa mahali fulani ndani. Tatu, vuta pande mbili za mdomo kwa mikono, uzi usicheze. Nne, chunguza ncha. Kama ngozi imetuna pale ncha inapogusa, ala ni fupi. Ndiyo hiyo itakayomchoma mtu pajani siku akikaa.

Kamba ya kufungia ishike mpini, isipite karibu na makali. Vinginevyo mteja ataikata siku ya kwanza anapochomoa kisu.

Na mwonyeshe mteja jinsi ya kuchomoa. Mkono unaoshika ala ukae upande wa mgongo wa kisu, vidole visizunguke upande wa mshono. Huko ndiko makali yanakopita. Hata ala nzuri haistahimili ujinga wa kila siku.

Wateja unaopaswa kuwakatalia

Wafanyabiashara wenzangu hapa hatutaelewana, lakini nitasema. Kuna watu ambao ala ya ngozi haiwafai, na ukiwauzia umewaibia.

Wa kwanza ni mwenye bucha. Kisu cha nyama kina maji, damu na mafuta, na ndani ya ala hapaoshwi. Unamtengenezea kitalu cha vijidudu. Mwambie aweke kisu chake kisafi mahali pake pa kuning'inia. Wa pili ni mvuvi wa baharini. Maji ya chumvi hukausha na kupasua ngozi na kutia chuma kutu. Ala ya mti au ya plastiki ngumu itamfaa zaidi. Wa tatu ni yule anayetaka kufungia kisu kwenye ala stoo miezi mitatu. Ngozi huvuta unyevu wa hewa, na kisu kitatoka na kutu. Ala ni ya kubebea. Nyumbani kisu kifutwe, kipakwe mafuta kidogo, kikae mahali pakavu na juu, watoto wasipofikia.

Mteja uliyemkatalia kwa ukweli atakuletea mwingine. Uliyemuuzia uongo atakutangaza gulioni bila malipo.

"Lakini nani atanunua kwa bei hiyo?"

Najua swali hili linakuja. Watu wanasema kipande cha dumu la plastiki kinatosha, au wanasema madukani kuna ala za bei rahisi. Tuanze na dumu. Dumu lililokatwa na kukunjwa vizuri kwa ajili ya panga ni bora kuliko gunia, na anayeweza kumudu hilo tu nampongeza. Ila plastiki ya dumu jua huifanya ipasuke. Kwa mgema ambaye yuko juu ya mnazi na watu wanapita chini, dumu si la kumtegemea. Kisu kikichomoka huko juu hakichagui kichwa. Mgema, mkata mkonge, mchungaji anayetembea kutwa nzima: hao ni wateja wako wa kwanza, kwa sababu ndio wanaovaa kisu mwilini.

Sasa bei. Nachukua tarakimu za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme ngozi shilingi 3,000, uzi na gundi na nta 700, uchakavu wa vifaa 300, nauli ya kufuata ngozi ukiigawa kwa kila ala 500. Hiyo ni 4,500 kabla hujashika msharasi. Umefanya kazi saa 3. Ukiuza kwa 6,000 ukafurahi kwamba umepata faida, piga hesabu tena: umebaki na 1,500, yaani 500 kwa saa. Kama kibarua wa kupalilia kwenu analipwa zaidi ya hapo, umejiajiri kwa hasara. Ukitaka saa yako iwe na thamani ya 1,500, ala hiyo haiwezi kuuzwa chini ya 9,000.

Hapo ndipo majaribu yanapoingia. Ili kushusha bei, fundi anapunguza. Anapunguza nini? Nakshi na rangi mteja anaziona, kwa hiyo anaziacha. Anapunguza kisichoonekana: ukanda wa kati, mishono ya kurudi nyuma, unene wa ngozi. Ala inabaki kupendeza huku imeondolewa kile kinachomlinda mtu. Huo si ujanja wa biashara. Ni kumuuzia jirani yako jeraha la kesho.

Ukitaka kushusha bei, punguza kinachoonekana. Acha nakshi, acha rangi, acha vishikizo vya chuma vinavyong'aa. Uza ala nyeupe ya kawaida, imara, kwa bei unayoweza. Tengeneza vielelezo vya mapanga yanayouzwa sana dukani kwenu, ili usichore upya kila mara. Kata ala tano kwa pamoja, toboa tano, shona tano. Saa 3 zitashuka bila kugusa usalama. Na kama una duka la pembejeo, weka ala pembeni ya panga, uza vyote viwili pamoja. Anayenunua panga jipya ana hela mkononi na hofu ya makali mapya. Ukimngoja wiki mbili, ameshalizungushia gunia.

Huko nje watasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema nacho kinahitaji kuonyeshwa mara ya kwanza. Kata ala moja katikati, ibandike kwenye ubao watu waone tabaka tatu na uzi ulivyopita. Itakufanyia kazi kuliko maneno.

Tukiwa makini, na mfugaji anafaidi

Mfugaji unayesoma, hili nalo linakuhusu. Ngozi inaanza kuharibika siku ya kuchinja, na mara nyingi mapema zaidi. Chapa ya moto katikati ya ubavu, makovu ya miiba, kupe wasiooshwa, na kisu chenye ncha kali cha mchunaji anayeharakisha: kila kimoja kinaacha tundu. Fundi hawezi kulishona tundu hilo, atalikata na kulitupa. Weka chapa chini mguuni au shavuni. Osha mifugo kwa ratiba. Chunia kisu chenye ncha ya mviringo, na pale ngozi inapoachia, tumia ngumi badala ya makali. Ngozi ipakwe chumvi ndani ya saa chache, angalau kilo 1 ya chumvi kwa kila kilo 3 za ngozi, au iwambwe kivulini penye upepo. Ngozi iliyotandazwa juu ya mawe juani imeiva upande mmoja na kuoza upande wa pili.

Kama unataka kwenda mbali zaidi na kukusanya ngozi mbichi za kuuza, kumbuka kwamba Tanzania ina Sheria ya Biashara ya Ngozi ya mwaka 2008. Pita kwanza kwa afisa mifugo wa kata akueleze kuhusu leseni. Anayetaka kusomea kazi ya ngozi kwa undani, kampasi ya DIT iliyopo Mwanza inafundisha teknolojia ya ngozi. Ofisi za SIDO za mikoa nazo ni mahali pa kuulizia mafunzo ya muda mfupi na vifaa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa leo kazi ni moja. Chukua kisu chako mwenyewe, si cha mteja. Kitengenezee ala, ivae shambani mwezi mzima, kwenye jua na kwenye manyunyu. Kisha fumua mshono mmoja utazame ndani. Ukikuta ukanda wa kati umekwaruzwa lakini uzi ni mzima, uko tayari kumshonea jirani yako. Ukikuta uzi umeguswa, rudi kwenye kadibodi.

Nawatakia kazi njema, na vidole vyote kumi.